Widad na Gredi ya Nne Mara ya Pili

Malindi, 9 Septemba 2025

Wifi, wanataka kumrudisha Widad darasa! Widad wangu mimi! Wasema mwakani akae gredi ya nne tena, wenzake wapande ya tano wamwache pale na watoto wadogo.

Haya, sasa salamu, maana nimeshika kalamu kabla sijavuta pumzi. Wifi yangu Barke, shikamoo. Sisi sote wazima, alhamdulillahi. Nduguyo Muhidin bado yuko Gongoni kwenye kiwanda cha chumvi, huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa amekauka kama samaki ng'onda. Mwezi uliopita walitaka kumpa unyapara, akakataa! Ati hapendi makaratasi. Mume gani huyu, aletewa cheo mpaka mkononi na akikimbie? Mimi mikate yangu ya mofa yatoka moto na kuisha moto. Mama mmoja wa Lamu aliniapia hajala mofa kama hii tangu mamake afariki. Sijisifu, ni yeye alosema, na alisema mbele ya watu.

Sasa lililonichoma. Ijumaa niliitwa skuli. Mwalimu wa Widad ni mgeni, Mwalimu Mueni, katoka bara mwaka huu. Akanikalisha vizuri, akaniambia kwa sauti ya polepole, kama mtu aambiaye habari za msiba, kwamba Widad hafuati masomo. Nikamwambia, "Mwalimu, labda wamsema Widad mwengine." Mtoto huyu chuoni kwa Kurani ustadhi humweka mbele siku za maulidi, akighani kaswida wazee hufuta macho! Sasa leo awe hajui kitu?

Na hapa ndipo nilipoanza kunusa. Akanambia, "Mama, sheria haituruhusu kumrudisha mtoto kwa nguvu. Inabidi wewe mzazi uandike barua uombe." Wasikia, wifi? Watakao ni wao, wa kuomba ni mimi! Mtu akiwa na haki yake, kwa nini atake mkono wako uwe juu ya karatasi? Nikamwambia siandiki. Akainama, akasema, "Hata nyumbani kwenu wanajua." Nikamuuliza nani ajua. Akajifanya apanga vitabu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nani ajua, na ajua nini? Jirani yangu Charity mwanawe Tevin akaa dawati moja na Widad, na yeye na huyo mwalimu waimba kwaya moja kanisani. Mkono wake naushuku. Lakini pia, na usinikasirikie, mwezi wa Aprili ulipokuja hapa ulikaa na Widad barazani jioni nzima. Kuna kitu uliona?

Sikupigii simu kwa sababu simu yangu haisikiki mpaka niweke sauti ya juu, na kati yangu na Charity ni ukuta wa bati. Barua nampa Abdulhakim, makanga wa basi la Mokowe. Nijibu upesi.

Wifi yako akupendaye,
Mwanatumu


Faza, 24 Septemba 2025

Wifi yangu Mwanatumu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku tisa ndani ya koti la Abdulhakim, na imenifikia ikinuka dizeli. Sisi huku twashukuru. Goti langu laniuma nikiinuka, likishainuka lanyamaza. Wazee wa mtaa bado waja kwangu niwaandikie barua zao za pensheni, na kila mmoja ataka nianze na salamu za ukoo mzima kabla hajasema shida yake.

Nimefurahi kusikia habari za mofa yako. Ukipata mtu wa kuja huku, nitumie.

Umeniuliza kama niliona kitu. Niliona mtoto mwenye adabu, alinipikia chai na kunitandikia mkeka.

Barua ya skuli usiiandike bado, lakini pia usigombane na mwalimu. Mimi jambo la kumrudisha mtoto darasa silipendi. Nimeona kwa macho yangu mtoto akirudishwa, na mwaka wa pili akirudishwa, mpaka akawa mrefu kuliko ubao, na hakutoka na lolote. Ni nani, usiniulize. Lakini kumpandisha mtoto ili majirani waone amepanda, hilo nalo silipendi.

Ndani ya bahasha nimetia ukurasa wa Widad peke yake. Mpe asome kwa sauti. Wewe usimsomee wala usimsaidie, halafu uniandikie alivyosoma.

Nisalimie Muhidin. Mwambie dada yake amwombea.

Barke


Malindi, 12 Oktoba 2025

Wifi, angekuwapo huyo Mwalimu Mueni akasikia, angefunga mizigo arudi kwao!

Shikamoo, wifi. Sote wazima. Sikuweza kungoja tuwe peke yetu. Nilimwita Charity, nikamwita na mama muuza mkaa, nikawaambia, "Kaeni, kuna barua kutoka Faza." Mimi mikono imejaa unga, nikamwambia Widad, "Haya mwanangu, tusomee ya shangazi yako." Akasimama mlangoni kwenye mwanga, akaushika ukurasa kwa mikono miwili, akasoma bila kukwama hata mahali pamoja:

"Kwako mpenzi mwanangu Widad. Baada ya salamu nyingi sana, natumai barua hii yakukuta u mzima wa afya kama sisi huku tulivyo wazima. Shabaha ya barua hii ni kukujulisha kwamba nakukumbuka usiku na mchana. Soma kwa bidii, mheshimu mama na baba. Nisalimie wote wanaoniuliza. Ni mimi shangazi yako."

Yalivyo mazuri maneno yako, wifi! Mama muuza mkaa alipiga kigelegele. Charity akabaki mdomo wazi, nikamtupia, "Umesikia? Huyo ndiye wa kurudishwa nyuma. Wa kwako yeye husoma hivyo?" Akasema, "Tevin anasomanga polepole, lakini anasoma." Maskini, wivu humtoka mtu mpaka kwenye pumzi. Na Widad, kwa adabu zake, alipomaliza akautia ukurasa mkobani, akaenda akaosha vyombo vyote, hata sufuria la mbaazi, bila mtu kumtuma. Nitafutie mtoto mwengine kama huyo Malindi nzima.

Lakini kuna jambo lingine, na hili nakwambia wewe tu. Bahasha yako ilifika imefunguka ubavuni. Aliyeipokea stendi ni Muhidin. Nilipomuuliza kama asoma barua zetu, alichukua mswaki akatoka nje. Saa nane mchana, wifi! Na nilipomsimulia Widad alivyosoma, hakucheka wala hakusema mashaallah. Alinitazama, kisha akamtazama mtoto, kisha akauliza kama chai iko. Baba gani asiyefurahi? Cheo akikataa, mwanawe akisifiwa anuna. Naanza kushuku ana mke Gongoni na akili yake ameiacha huko.

Nambie la kweli. Wewe ni dadake, kama lipo wajua.

Mwanatumu, mama wa msomaji


Faza, 29 Oktoba 2025

Wifi Mwanatumu,

Salaam alaykum. Huku tu wazima. Leo sitakuwa na mengi.

Maneno uliyonitajia sikuyaandika mimi. Niliyoandika ni haya, nayakumbuka yote kwa sababu niliyachagua moja moja:

"Widad, paka wangu amezaa watoto watatu ndani ya ndoo ya unga. Mmoja ana mkia mfupi. Mwambie mama yako kwamba shangazi amesema leo usioshe vyombo."

Hapo hamna salamu hata moja. Nilizitoa makusudi. Tafuta ule ukurasa mkobani mwake uusome wewe mwenyewe.

Muhidin hana mke Gongoni. Na barua hakuisoma.

Usimpige mtoto.

Barke


Malindi, 17 Novemba 2025

Wifi Barke,

Shikamoo nakupa kwa sababu ya umri wako tu. Wiki mbili nzima nimekukasirikia, na ungekuwa karibu ungesikia.

Kwanza niliposoma barua yako nilisema, huyu mwanamke amebadilisha maneno. Ameandika salamu, sasa amegeuka aniaibishe na mwanangu. Nikangoja Widad aende chuoni, nikaumwaga mkoba wake wote kitandani. Nikaupata ukurasa umekunjwa mara nne. Paka. Ndoo ya unga. Mkia mfupi. Hati ni yako. Nikakaa chini juu ya madaftari.

Halafu nikakukasirikia upya, kwa kumtega. Mtoto wa miaka kumi kumwekea mtego kama panya! Ungenambia tu mimi! Lakini nikijiuliza ningekusikia, najua jibu na silipendi.

Aliporudi nilimpikia viazi vya rojo anavyovipenda. Nikakaa naye jikoni. Nikauweka ukurasa mbele yake nikamwambia, "Mama, nisomee tena." Akaanza, "Kwako mpenzi mwanangu Widad, baada ya salamu nyingi sana…" Vilevile, wifi, hata pumzi akivuta pale pale. Nikamwekea kidole kwenye neno paka. "Hili lasemaje?" Akatazama kidole changu, si neno. Nikamwekea kwenye jina lake. Hilo alilijua. Akaniangalia usoni kutafuta kama nina hasira, nikajitahidi nisiwe nayo.

Nikamuuliza, "Ulijuaje ya kusema?"

Akanijibu kama mtu anayemweleza mjinga, "Barua zote si huanza hivyo, mama?"

"Na darasani?"

"Tevin husoma kwanza. Mimi husikiliza, halafu huja zamu yangu."

Miaka minne, wifi. Kila alichokisikia mara moja amekishika, na sisi tukimpigia vigelegele. Kichwa kinachoweza hivyo si kichwa kibovu, hilo niache niseme, na nitalisema mpaka kaburini. Lakini hajui kusoma. Nimeliandika.

Sasa nijibu hili na usinizunguke. Ukurasa ule hukuuandika kwa kubahatisha. Ulijua kabla hujauandika. Mwalimu naye aliambiwa na mtu wa nyumbani kwangu. Charity nimemtoa shakani, maana angelikuwa yeye angelisema siku ile mlangoni nilipomtukania mwanawe. Nani? Sitaandika barua ya skuli, ya kukubali wala ya kukataa, mpaka nijue ni nani ajuaye mambo ya mwanangu kunizidi mimi.

Mwanatumu


Faza, 28 Novemba 2025

Wifi yangu,

Shikamoo yako nimeipokea hivyo hivyo, na marahaba yangu ni kamili. Sisi wazima. Wale paka ni wa kweli, sikuwabuni. Wamehamia kwenye kikapu cha nguo.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nilikuwa nimeapa nisiliseme hili, lakini naona kunyamaza kwangu kwazidi kukuumiza, na kiapo nitakifungia saumu.

Aliyemwambia mwalimu ni Muhidin. Mimi pia ni yeye aliyeniambia, kwa simu, mwezi wa Juni. Alisema, "Dada, mtoto afanya kama nilivyokuwa nikifanya mimi." Ijumaa moja alishuka skuli kabla ya kufika nyumbani, na nguo zake za chumvi, akamwambia Mwalimu Mueni. Akamsihi asilitaje jina lake kwako.

Mumeo hajui kusoma, Mwanatumu. Jina lake aweza kuliandika, na namba zote azijua, basi. Yule mtoto niliyekwambia alikuwa mrefu kuliko ubao ni yeye. Darasa la nne alilikaa miaka mitatu hapa Faza. Mwalimu yule yule, kitabu kile kile, ukurasa wa kwanza kila Januari. Kitabu alikijua chote kwa moyo, angeweza kukisoma akiwa amekishika juu chini, na mara moja alikishika hivyo mbele ya mkaguzi, darasa zima likaangua kicheko. Hakurudi tena.

Ndiyo maana alikataa unyapara. Ndiyo maana hakujibu habari ya bahasha. Aliifungua, ndiyo, alitaka kuona kama jina lake limo.

Sasa wajua kwa nini moyo wangu wapinga kumrudisha Widad. Muhidin yeye ataka arudishwe, asema akipanda atazama zaidi. Mimi naogopa arudishwe kama yeye alivyorudishwa. Sote wawili twampenda, na hatujui lipi. Mama ni wewe.

Mkalishe kwa upole. Hajamwambia mtu yeyote duniani ila mimi.

Barke


Malindi, 16 Desemba 2025

Wifi yangu mpenzi Barke,

Shikamoo, na hii ni ya moyo. Sote wazima. Goti lako lisuguliwe kwa mafuta ya nazi ya moto.

Muhidin alipokuja Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu nilimwekea wali na samaki wa kupaka, nikangoja ashibe. Kisha nikamuuliza, "Miaka kumi na mbili, kwa nini hukunambia?" Akanawa mkono taratibu, akasema, "Ningekwambia vipi, Mwanatumu? Kila kilicho chako wakisifu kwa watu. Niliogopa nisije nikawa ndicho kitu cha kwanza usichoweza kukisifu."

Wifi, nilinyamaza. Mimi! Mpaka Charity akaja kubisha kuuliza kama ndani kuna mgonjwa.

Asubuhi nikamfuata Mwalimu Mueni kwake mtaa wa Muyeye. Nilimkuta afunga mizigo aende kwao kwa Krismasi. Bado nilikuwa na shaka naye, sikufichi, na nilikwenda na swali moja. Nikamwambia, "Nimrudishe, sawa. Mwakani utamfundisha nini ambacho mwaka huu hukumfundisha? Maana ikiwa ni kitabu kile kile kutoka ukurasa wa kwanza, huyo kitabu ashakihifadhi. Atakuimbia chote nawe utampa alama."

Akaacha kukunja nguo. Akakaa juu ya sanduku. "Mama Widad, nina watoto sabini na wawili darasani. Na hilo hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza. Huuliza watu watasema nini."

"Mimi pia nimeliuliza hilo," nikamwambia, "ila nimelimaliza."

Akacheka. Akakiri kwamba hata yeye Widad alimdanganya tangu Januari mpaka Juni, alikuwa akimsifu kwa wenzake. Basi tukatazamana, wadanganywa wawili.

Nikamwambia, kwa nini basi asipande, afundishwe huko huko juu? Akasema gredi ya tano kila somo ni kusoma, hata hesabu zake ni hadithi, na mwalimu wa huko hatakuwa na nafasi ya kurudi kwenye silabi. Yeye anayo, na sasa ajua ugonjwa wenyewe. Hilo nililiamini. Nimelipima kila upande nikaliona halina mlango wa nyuma.

Kwa hiyo barua nimeandika. Kurasa mbili, kwa mkono wangu, na hati yangu waijua ilivyo nzuri. Sikuomba kama walivyotaka niombe. Nimeandika kwamba mimi Mwanatumu namrudisha mwanangu gredi ya nne mwaka mmoja, si miwili. Kwamba kila siku baada ya masomo mwalimu atakaa naye nusu saa kwa silabi, na maneno asiyowahi kuyasikia, yasiyo kwenye kitabu wala wimbo. Kwamba asiketi karibu na msomaji hodari. Na kwamba Aprili tutakaa tena tuangalie, na kama hakuna kilichobadilika, tusidanganyane. Mwalimu alitia sahihi yake chini, na nikamwambia aisome kwanza kwa sauti. Siku hizi namshuku kila mtu.

Widad nilimwambia mwenyewe. Alilia kidogo, kisha akauliza, "Tevin atakuwa gredi ya tano?"

"Ndiyo."

"Basi nitamsikiliza nani?"

Nikamwambia hakuna. Akafikiri, akauliza kama ukurasa wako bado ninao. Tangu wiki iliyopita amefika kwenye ndoo. Neno "unga" lilimchukua asubuhi nzima, na alipolipata alipiga kelele mpaka nikadhani ameungua. Juzi nikaona mlango wa chumba umerudishwa na watu wanong'ona ndani, nikachungulia nikishuku wachezea simu yangu. Alikuwa yeye na babake, vichwa viwili juu ya ukurasa mmoja, na aliyekuwa akikwama ni babake. Nilirudi kinyumenyume mpaka jikoni, na wala usimwambie kwamba niliona.

Charity nimempelekea mikate sita ya mofa. Sikumwambia ya nini. Aliinusa kwanza.

Sasa sikiliza. Nimefikiri juu ya maneno ya watu. Watanong'ona tu, mtoto wa Mwanatumu karudishwa, yule aliyekuwa akijisifu. Basi nitawatangulia. Kwetu mtoto akianzishwa chuoni huandamana na bisi na halua, wenzake wakala, mwalimu akamwombea. Skuli hatukumfanyia hivyo, tulimsukuma getini tukarudi kwenye mikate. Huenda ndipo tulipokosea. Safari hii namwanzisha kwa haki yake. Nitatandika mikeka kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa muuza mkaa, halua iko njiani kutoka Lamu, ustadhi amekubali, Mwalimu Mueni atakuwa amerudi, Charity ataleta watoto wa mtaa, na Muhidin ameomba ruhusa Gongoni. Nitasimama mimi mwenyewe niwaambie watu mwanangu anarudia gredi ya nne, na atakayecheka atacheka na bisi yangu mdomoni.

Goti lisikuzuie, Abdulhakim atakuwekea kiti cha mbele. Uje na wanao, uje na yeyote wa Faza anayemkumbuka Muhidin akiwa mdogo. Mje wote: Jumamosi, tarehe tatu Januari, baada ya sala ya alasiri.

Wifi yako,
Mwanatumu